Boy wa Miaka 50

Ingia kundi lolote la kutafuta kazi pale Facebook, hasa haya ya Nairobi na Kiambu, na hutakosa tangazo la aina hii: anatakikana shamba boy, awe na kitambulisho, awe na cheti cha polisi cha tabia njema, asiwe mlevi, awe na miaka 35 hadi 50. Hebu soma tena pole pole. Boy wa miaka 50. Huyo mzee pengine ana wajukuu, na akiingia kwa baraza kule kwao Vihiga watu wanampisha kiti. Lakini akivuka geti la mtu pale Runda, anakuwa boy.

Na hakuna anayeshtuka. Shuleni tulifundishwa boy ni mvulana, girl ni msichana, tukafunga kitabu. Kumbe hilo neno lina mambo.

Kwanza, kwa Kiingereza chenyewe halikuanza na mvulana. Linaonekana kwa maandishi yao kufikia mwaka wa 1300 hivi, na wakati huo lilimaanisha mtumishi, mtu wa tabaka la chini, mtu wa kutumwa. Maana ya mtoto wa kiume ilizoeleka baadaye. (Girl, kwa taarifa yako, alikuwa mtoto yeyote, wa kike au wa kiume.) Wataalamu bado wanabishana boy lilitoka wapi. Kuna dhana moja inayolirudisha hadi Kifaransa cha kale, kwa neno la mtu aliyefungwa minyororo, na nyuma yake Kilatini cha pingu za miguu. Hiyo ni dhana tu, usiende kuitangaza TikTok kama ukweli.

Waingereza pia si wa kwanza kuchanganya mtoto na mtumishi. Mrumi alimwita mtumwa wake puer, yaani mtoto, hata kama ameota mvi. Wagiriki nao walikuwa na pais, mtoto na mtumwa kwa pumzi moja. Halafu Kiingereza cha kale kilikuwa na maneno mengine mawili ya kijana wa kiume, cniht na cnafa. La kwanza lilipanda ngazi likawa knight, yule jamaa wa farasi na upanga. La pili likashuka likawa knave, laghai. Mtoto huyohuyo, maisha mawili.

Boy yeye alipanda meli. Alienda India, akaenda bandari za China, akashuka Afrika, na kila mahali maana ya kwanza ya mtumishi ikaamka tena, sasa ikiwa na rangi ya ngozi. Hata Wafaransa, ambao hawapendi kukopa kwa Waingereza, walilichukua likiwa zima. Ferdinand Oyono wa Kamerun alipoandika riwaya yake ya mtumishi wa mzungu, iliyotoka 1956, aliiita Une vie de boy. Kiswahili nacho kikalimeza: boi, maboi. Liko kwa kamusi.

Hapa kwetu lilikuja na wenzake. Mzungu alikuwa bwana, mkewe memsahib, na mtoto wao wa kiume, hata kama bado hajui kujifunga viatu, aliitwa bwana mdogo. Mpishi mwenye miaka 60 anayempikia huyo mtoto uji alikuwa boy. Rudia hiyo hesabu: mtoto ni bwana, mzee ni mtoto.

Sasa fikiria neno hilo lilikuwa linatua wapi. Kwa Wakikuyu, asiyetahiriwa ni kihii, na hata leo ukimwita mwanaume mzima hivyo jiandae kukimbia. Wabukusu wana omusinde. Wamaasai wana layoni, ambaye bado hajawa moran. Hizi ni jamii ambazo uanaume haukuja wenyewe tu kwa kuongeza miaka. Uliulipia kwa damu na kisu, mbele ya watu, ukapewa rika ambalo utazeeka nalo. Halafu unashuka kwa gari moshi Nairobi na mtu ambaye hajui rika lako anakurudisha nyuma ya kisu kwa silabi moja.

Lakini mimi sidhani shida ilikuwa tusi peke yake. Ilikuwa pesa.

Angalia kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kuwa nacho: alama za vidole, mwajiri ni nani, mshahara ni ngapi. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Bila sahihi ya mwajiri ya kukuachilia, ulikuwa mtoro. Kwa hivyo serikali ilijua vizuri sana huyu ni mtu mzima. Alipe kodi, ni mtu mzima. Afungwe kwa kutoroka kazi, ni mtu mzima. Ni siku ya mshahara tu ndio alikuwa boy.

Na hiyo si lugha ya picha. Kwa miaka mingi mishahara ya Waafrika mjini ilipangwa kwa hesabu ya mtu mmoja, kapera, asiye na mke wala mtoto. Familia ilihesabiwa kuwa iko rizavu, inajilisha kwa shamba lake, hata pale ambapo shamba lenyewe lilikuwa limeshachukuliwa. Ilibidi kufika 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimechacha, ndipo kamati ya serikali, ile inayoitwa Kamati ya Carpenter, ikapendekeza mshahara uanze kuangalia mtu mwenye familia. Miaka yote hiyo, jina na malipo vilikuwa vinaongea lugha moja. Boy hana bibi. Boy hana karo ya kulipa. Boy anahitaji tu chakula, blanketi na mahali pa kulala.

Nyeri iko na kichekesho chake hapa. Baden-Powell, aliyeanzisha Boy Scouts kwa kambi ya 1907 kule Uingereza, alimalizia maisha yake pale, akafa Januari 1941, na kaburi lake liko mjini hadi leo. Maskauti wanatoka mbali kuja kuliona. Kwa huyo mzee, boy lilikuwa neno la sifa: kijana jasiri, kiongozi wa kesho. Mji huohuo, mwanaume wa Kikuyu aliyebeba trei ya chai alikuwa boy pia. Herufi tatu zilezile.

Wamarekani weusi walilijua hili neno kwa machungu. Februari 1968, baada ya wafanyakazi wawili kusagwa na lori la taka hadi kufa, wazoa taka wapatao 1,300 wa Memphis waligoma. Mabango yao hayakutaja shilingi wala saa za kazi. Yaliandikwa I AM A MAN, basi. Martin Luther King alikuwa ameenda kuunga mkono mgomo huo alipouawa pale Aprili 4. Na hata hapo mambo hayakuisha. 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya wafanyakazi wawili weusi wa kiwanda cha kuku cha Tyson kule Alabama, waliodai bosi mzungu aliwaita boy. Mahakama ya rufaa ilikuwa imesema neno hilo likiwa peke yake, bila kuongezewa rangi, si ushahidi wa ubaguzi. Mahakama ya Juu ikakataa: inategemea sauti, mahali, desturi ya wenyeji na historia ya neno.

Basi desturi ya wenyeji wa Nairobi ni gani? Askari wa geti ananiita boss, na mimi sijafika hata 25 na simu yangu ina ufa. Konda ananiita mkubwa. Na mwenye nyumba, ambaye ni Mkenya kama mimi, anamwita mzee anayekata nyasi boy. Houseboy tumeshaanza kuona aibu kulisema. House girl amepanda hadi house help, na kuna wanaosema house manager. Shamba boy bado yuko pale pale na panga lake.

Amri ya serikali ya kima cha chini cha mshahara nayo, kwa orodha ya vibarua, bado inaandika house servant. Na pita uangalie nyumba mpya za Kileleshwa na Lavington zinavyotangazwa: vyumba vinne, bwawa la kuogelea, lifti, SQ. Hiyo S ni ya servant. Ramani yake haijabadilika sana tangu enzi za mkoloni: chumba kimoja, nyuma ya jikoni au karibu na tangi la maji, kinachotosha kitanda cha mtu mmoja.