Kutwika, Kupagaza na Kubeba: Vitenzi vya Mzigo Mzito na Historia ya Mwambao wa Kasenyi

Kiswahili hakina kitenzi kimoja kinachokidhi kazi yote ya kuhamisha mzigo mzito, bali kina ukoo wa vitenzi ambavyo kila kimoja hueleza mzigo umekaa wapi, unasogezwa vipi na, jambo linalopewa uzito zaidi hapa, nani aliyeuweka hapo. Kukokota ni kuvuta kitu kinachogusa ardhi. Kusomba ni kuhamisha kidogo kidogo, kwa safari nyingi, mpaka kitu kiishe. Kutwika ni kumwekea mtu mzigo kichwani, na kwa hiyo kitenzi hiki hudai watu wawili, ila pale mtu anapojitwika mwenyewe. Kupagaa, asili ya neno mpagazi, ni kuchukua mzigo begani, ilhali kupagaza ni kumfanya mwingine auchukue. Kupagaa hutumika pia kwa pepo anayempanda mtu, maana iliyobaki hai katika kupagawa.

Kasenyi, bandari ya Kongo katika Ziwa Albert iliyounganishwa kwa meli na Butiaba ya Uganda enzi za Wabelgiji, inaonyesha kwamba tofauti hizi si pambo la kamusi. Samaki na magunia husombwa kutoka chomboni hadi nchi kavu, kisha hupakiwa garini ili kupanda hadi mji wa Bunia, takriban mita 600 juu ya usawa wa ziwa. Kusema tu kwamba vitu hivyo "hubebwa" ni kuunganisha kazi mbili zenye watu, malipo na uchovu tofauti. Hata hivyo kubeba, kitenzi ambacho kamusi za zamani zilikihusisha hasa na mtoto aliyefungwa mgongoni kwa nguo, kimeenea mno hata kikawameza ndugu zake.

Hasara ya kuenea huko ni kubwa zaidi katika uandishi wa historia. Februari 1887 mvumbuzi Henry Morton Stanley aliondoka Zanzibar na watu zaidi ya 600 kwenda kumtafuta gavana Emin Pasha, wakiwa na mashua ya chuma iitwayo Advance, iliyogawanywa vipande 12 vya takriban kilo 34 kila kimoja. Alipofika ziwani Desemba mwaka huo, upande wa kusini-magharibi ilipo Kasenyi, mashua ilikuwa imeachwa msituni Ituri, hivyo msafara ukarudi nyuma kuifuata, na ilifikishwa ziwani Aprili 1888 tu. Njiani wengi walikufa kwa njaa, maradhi na mishale. Vitabu husema wapagazi "waliibeba" mashua, si kwamba walipagazwa, kana kwamba mzigo ulipanda mabegani wenyewe.

Yawezekana kupinga kwa kusema kwamba watu hao waliandikishwa kwa ujira, na kwamba kupagazwa ni neno kali mno. Pingamizi hilo lina nguvu kwa siku za Zanzibar, ambako mkataba ulifungwa, lakini halivuki Yambuya, mahali safari ya msituni ilipoanzia Juni 1887, kwa sababu kuanzia hapo hapakuwa na njia ya kurudi pwani peke yako, na waliotoroka na kukamatwa walikabiliwa na kitanzi. Kwa watu wa hali hiyo, kauli za kutendesha na kutendwa zilizomo katika kupagazwa ndizo maelezo sahihi ya kihistoria.