Handaki la Shakespeare

Handaki la Shakespeare ni handaki la reli lililotobolewa ndani ya jabali la chaki kando ya bahari, magharibi ya bandari ya Dover, kusini-mashariki mwa Uingereza. Urefu wake ni takriban mita 1,270. Jina ni la jabali lenyewe, linalohusishwa na tamthilia ya King Lear, ambamo kipofu Gloucester anaomba apelekwe kwenye genge la Dover akajitupe.

Lilichimbwa na kampuni ya South Eastern Railway chini ya mhandisi William Cubitt, na njia ya kutoka Folkestone hadi Dover ikafunguliwa Februari 1844. Ajabu yake ni milango. Badala ya tundu moja pana, yapo mawili membamba yanayokwenda sambamba, kila moja na njia yake, yenye matao yaliyochongoka kama madirisha ya kanisa la kale. Kimo ni mita 9 hivi. Upana haufiki 4. Mtu angedhani ni pambo, kumbe Cubitt hakuuamini mwamba ule. Chaki hukatika kwa urahisi lakini ina nyufa, na tao jembamba la kuchongoka huhimili uzito ulio juu yake zaidi ya paa pana.

Magharibi kidogo, kwenye jabali la Round Down, hakutoboa kabisa. Tarehe 26 Januari 1843 alililipua kwa tani 8 na ushei za baruti, zilizowashwa kwa umeme wa betri, jambo geni enzi hizo. Mwanafalaki John Herschel alikuwepo kushuhudia. Chaki iliyoporomoka ilikadiriwa kufika tani milioni moja.

Miaka ya 1880 majaribio ya kuchimba njia ya chini ya bahari kwenda Ufaransa yalifanyika kwenye jabali la Shakespeare, yakasimamishwa kwa hofu ya uvamizi. Mwaka 1890 mashimo ya hapo yakafichua makaa ya mawe.

Misukosuko mikubwa ya reli ya Folkestone hadi Dover imetokea nje ya handaki, si ndani. Desemba 1915, upande wa Folkestone, ardhi iliteleza kuelekea baharini pamoja na reli. Abiria wa treni iliyokuwapo walinusurika, lakini njia ilifungwa hadi 1919. Upande wa Dover, Cubitt alikuwa amevusha reli juu ya ufuko kwa daraja la mbao. Waliomfuata wakaliondoa, wakajenga tuta na ukuta. Mkesha wa Krismasi 2015 treni zilisimamishwa, kwani mawimbi yalikuwa yameudhoofisha ukuta huo. Safari zilirejea Septemba 2016, juu ya daraja jipya la nguzo.