Redio na Baraza la Kijiji

Tunapoutaja utamaduni wa taifa letu, fikra hukimbilia ngoma, vinyago na mashairi. Ni nadra redio kutajwa, maana ni chombo kilichotoka ng'ambo. Hata hivyo, katika miaka ya 1970 chombo hicho kiliketishwa barazani pamoja na wanakijiji, na habari zake zastahili kusomwa.

Utangazaji ulianza nchini mwaka 1951, chini ya wakoloni, kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Taarifa yake ya habari ilitanguliwa na ngoma za Morris Nyunyusa, fundi asiyeona aliyepiga ngoma nyingi peke yake. Kabla ya neno la kwanza, msikilizaji alikwisha kujua kwamba anayesema ni wa kwao.

Kampeni iliyovuma kuliko zote ni Mtu ni Afya, ya mwaka 1973. Kwa majuma 12 watu wapatao 2,000,000 walikutana katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, kitabu chake na redio moja. Matangazo yalipokwisha, redio ilizimwa, na hapo ndipo somo lilipoanza hasa. Ajuaye kusoma aliwasomea wenziwe, kisha wakaulizana. Mbu wa hapa kwetu huzaliana wapi? Maji tuyatekayo yana konokono wa kichocho? Choo kiwe umbali gani na kisima? Kikundi kilipokata shauri, majembe yakashikwa: vyoo vikachimbwa, madimbwi yakafukiwa, nyasi zikafyekwa. Sayansi iliingia kijijini kwa njia ya swali, tena swali la jirani kwa jirani, na kwa maoni yetu hilo lilifanya kazi kubwa kuliko sauti yoyote ya mtangazaji. Mwaka 1975, baada ya ukame kuitikisa nchi, njia hiyo hiyo ilitumika katika Chakula ni Uhai.

Lakini kuna upungufu tusioweza kuufumbia macho. Sauti ilitoka Dar es Salaam kwenda vijijini; ya kijiji haikurudi kwa urahisi. Aliyeona kwamba udongo wa kwao ni mchanga mtupu, na shimo hubomoka kabla ya masika kwisha, alimweleza kiongozi wa kikundi, si taifa. Tena Kiswahili, lugha iliyotuunganisha, hakikuwafikia wazee wote.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliwafungulia mlango watu wengine nje ya serikali. Baadaye, huko Terrat katika Simanjiro, wafugaji walipata redio yao, Orkonerei, iliyotangaza kwa Kimaasai pamoja na Kiswahili. Mzee ambaye mwaka 1973 angehitaji mjukuu wa kumfasiria pembeni mwa redio, sasa aliweza kusikia, na kujibu, kwa lugha ya mama yake.