Ulinganuzi: tofauti ambayo jina la rangi haliionyeshi

Wasanifu wa tovuti wa Nairobi na Dar es Salaam husema "kontrasti", nao wanaelewana. Shida huanza pale mteja anapotaka maandishi mekundu juu ya kijani kwa kuwa ndizo rangi za kampuni yake. Msanifu akimwambia kwamba "tofauti ya rangi" haitoshi, amejifunga mwenyewe. Mteja atauliza, na kwa haki: nyekundu na kijani zisipotofautiana, zipi zitatofautiana?

Ndiyo maana napendelea neno ulinganuzi. Wanaisimu wanalo tayari katika isimu linganuzi, taaluma ya kuweka lugha mbili bega kwa bega ili kuona zinapoachana. Wengine hutumia utofautishaji, lakini hilo linataja kazi ya msanifu, ilhali tunachokipima ni uhusiano wa vitu viwili vilivyokwisha kuwekwa pamoja.

Kwamba rangi huonekana kwa kutegemea jirani yake, Michel Eugène Chevreul alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1839. Mkemia huyo alisimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kilichofuma vitambaa vya kupamba kuta. Aliletewa malalamiko kuwa nyuzi nyeusi zilikuwa zimefifia. Akazichunguza, akakuta weusi wenyewe hauna kasoro. Rangi zilizofumwa kando yake ndizo zilizoufanya uonekane dhaifu.

Kwenye skrini jambo hili limetiwa hesabu. Mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, wa mwaka 2008 kuhusu tovuti zinazofikiwa na watu wote hupima uangavu, yaani jinsi rangi inavyong'aa machoni, bila kujali jina lake. Katika nyeupe ya skrini, kijani huchangia takriban asilimia 72 ya uangavu, nyekundu 21, buluu 7 tu. Uangavu wa rangi mbili ukishapatikana, kila mmoja huongezewa 0.05, kisha mkubwa hugawanywa kwa mdogo. Nyongeza hiyo inawakilisha mwanga wa mazingira unaorudishwa na kioo. Ni kidogo mno kwa mtu anayesoma simu juani kituoni, lakini angalau wamemkumbuka.

Jibu ndilo uwiano wa ulinganuzi, kuanzia 1 hadi 21. Nyeusi juu ya nyeupe hupata 21. Manjano kali juu ya nyeupe haifiki hata 1.1. Na nyekundu ya yule mteja? Ukichukua rangi ambazo msimbo wa tovuti unaziita nyekundu na kijani, uwiano ni kama 1.3. Kwa majina zinapingana. Kwa uangavu ni karibu sawa. Kiwango cha chini kwa maandishi ya kawaida ni 4.5, na 3 kwa makubwa. Kijivu hafifu kinachopendwa siku hizi kwa sababu kinaonekana "cha kisasa" mara nyingi hakifiki hata 3, na mimi sioni usasa wowote katika maandishi yasiyosomeka.

Saikolojia ya rangi ni habari nyingine. Vitabu vya biashara hutuambia buluu huleta imani na nyekundu huharakisha mnunuzi. Mazoea yana nguvu kweli, ila yana kwao: kwenye mbao za soko la hisa la China, nyekundu huonyesha bei zinazopanda na kijani zinazoshuka, kinyume na New York. Uangavu hauna uraia wa namna hiyo.

Kwa hiyo mteja aambiwe hivi: "Rangi zako zibaki, ila ulinganuzi wake ni 1.3, nasi tunahitaji 4.5. Tukoleze kijani hadi kikaribie weusi, na maandishi yawe meupe. Nyekundu tuiweke kwenye nembo, mahali ambapo hakuna cha kusoma."