Msitu wa Karura

Upande wa kaskazini wa mji wa Nairobi, baina ya barabara ya Limuru na ile ya Kiambu, uko msitu uitwao Karura. Eneo lake lakaribia hekta 1,000, na ndani yake mna njia za miguu ambazo mtu azifuatapo huzunguka msitu na kurejea palepale alipoanzia.

Tuifuate njia mojawapo. Kwanza yapita kati ya mikaratusi mirefu iliyopandwa kwa safu. Halafu yaingia penye miti ya asili, kama vile mihugu na mizeituni ya mwituni, ambamo kima na tumbili hurukaruka. Kisha yateremka hadi mto Karura, na mvumo wa maji husikika kabla maporomoko yenyewe hayajaonekana. Karibu na mto yako mapango. Katika miaka ya 1950, wakati wa vita vya kupigania uhuru, wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo.

Msitu huu ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932, zama za ukoloni. Lakini katika miaka ya 1990 sehemu zake kubwa ziligawiwa watu binafsi kwa siri, wapate kujenga majumba. Habari hizo zilipofichuka mwaka 1998, Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement waliingia msituni wakichukua miche ya kupanda. Tarehe 8 Januari 1999 walifika langoni ili wapande mti, wakavamiwa na kundi la watu na kupigwa vibaya. Maathai alijeruhiwa kichwani. Alipokwenda kushtaki katika kituo cha polisi, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao waliandamana kuutetea msitu, na mwezi wa Agosti mwaka uo huo Rais Daniel arap Moi alitangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 Maathai alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Hata hivyo, msitu uliookolewa haukuwa bado msitu wa kutembelewa. Kwa miaka kadhaa watu waliuogopa kwa sababu ya wanyang'anyi. Ndipo Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilipowapa wananchi nafasi ya kushiriki katika kutunza misitu. Chama cha wapenzi wa Karura, kikishirikiana na serikali, kilizungushia msitu ua wa nyaya za umeme, na vijana wa mitaa ya jirani wakaajiriwa kuulinda.

Wazee wetu walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Karura ufa ulizibwa kwa miche, na kwa watu wachache waliokataa kunyamaza.