Gharama ya Kukosea: Msongo, Mtazamo na Ukuaji wa Mtu Kando ya Ziwa Nyasa

Katika semina nyingi za ujasiriamali, mwanamke wa kijijini huambiwa kwamba kikwazo chake cha kwanza ni fikra zake. Abadili mtazamo, auone msongo kuwa mwalimu, naye atakua. Kauli hiyo ni kweli nusu. Nusu iliyoachwa huonekana wazi Lyulilo, jirani na Matema, wilayani Kyela nchini Tanzania, kwenye soko la Jumamosi la vyungu vya jamii ya Wakisi.

Vyungu hivyo hufinyangwa na wanawake, hasa wa Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya Milima ya Livingstone na maji, kisha huletwa sokoni kwa mitumbwi. Kazi hiyo haikosi mashaka. Chungu kisichokauka sawasawa hupasuka motoni, na jasho la siku kadhaa hugeuka vigae. Lakini sababu ya hasara mara nyingi husomeka kwenye vigae vyenyewe, udongo upo, na fundi mzoefu yuko jirani wa kuulizwa. Binti anayejifunza anaweza kuharibu vyungu vingi bila kuangusha nyumba yao. Mwanasaikolojia Carol Dweck, katika kitabu chake cha mwaka 2006, alieleza mtazamo wa kuamini kwamba uwezo hujengwa kwa juhudi na kwa kujifunza kutokana na makosa. Kwa mfinyanzi, kazi yenyewe humthibitishia hilo kila anapochoma. (Ziwa ni habari nyingine: dhoruba inayozamisha mtumbwi haimfundishi mtu lolote la maana, na sioni sababu ya kuipamba.)

Sasa mtazame mkulima wa mpunga katika tambarare ya Kyela, wilaya hiyohiyo. Hutegemea msimu mmoja. Kiwira, Mbaka, Lufilyo au Songwe ikifurika wakati wa masika, huondoka na chakula, ada ya mtoto na mbegu ya mwakani kwa pamoja. Jaribio la pili liko mwaka mzima mbele, na huenda hakukosea chochote. Bidii anayo, asichonacho ni nafasi ya kukosea.

Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman walieleza mwaka 1984 kwamba msongo huzaliwa katika tathmini mbili: mtu hujiuliza ni nini kilicho hatarini, kisha hujiuliza anaweza kufanya nini. Wahamasishaji hulishughulikia swali la pili kana kwamba jibu lake limo kichwani tu. Kwa mkulima, sehemu kubwa ya jibu imo ghalani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Science uliwapima wakulima wa miwa nchini India kabla na baada ya mavuno. Watu walewale walifanya vibaya zaidi majaribio ya akili walipokuwa hawajavuna. Uhaba ulikuwa umewajaza mawazo.

Je, basi mtazamo ni bure? Hapana. Nchini Kenya, Johannes Haushofer na wenzake walilinganisha tiba fupi ya kisaikolojia na msaada wa fedha taslimu. Baada ya mwaka mmoja, fedha zilikuwa zimeinua kipato na utulivu wa moyo, ilhali tiba peke yake haikuacha athari iliyopimika. Lakini nchini Niger, utafiti uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2022 ulikuta kwamba mpango uliojumuisha mafunzo ya stadi za maisha na kujiamini ulileta faida kubwa kwa wanawake ambao tayari walikuwa wakipokea ruzuku ya kila mwezi. Moyo uliimarika ulipopata pa kukanyaga.

Kwa Kyela, jambo hili linagusa hata ratiba. Mafunzo ya kubadili mtazamo yakiletwa mwezi Machi, ghala likiwa tupu na mito ikijaa, yatamkuta mkulima akiwa na akili iliyokwisha kukaliwa. Yakija baada ya mavuno, pamoja na akiba ya mbegu na mkopo usiomlazimisha kuuza mpunga ungali shambani, atakuwa na kitu cha kuyajaribia.