Vikope: ndoo ikishafika nyumbani, uso wa mtoto una fungu lake?

Ugonjwa wa vikope, ambao wataalamu huuita trakoma, huletwa na bakteria. Hupita jicho hadi jicho kwa vidole, kwa kanga moja inayofuta watoto watatu, na kwa inzi wanaofuata tongotongo na kamasi. Mtoto akiambukizwa tena na tena kwa miaka, ukope wa juu hufanya makovu kwa ndani na kujikunja, kisha kope hukwaruza kioo cha jicho. Upofu huja ukubwani. Wanawake huupata zaidi, maana ndio wanaoshinda na watoto.

Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, inajulikana duniani kwa utafiti wa ugonjwa huu. Kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa Tanzania na Marekani walifuatilia familia za huko, ambako mvua ni ya msimu mmoja na maji hufuatwa mbali. Umbali ulichangia. Lakini wingi wa maji yaliyofika nyumbani haukutosha kueleza nani ana uso safi. Jambo kubwa lilikuwa uamuzi: maji yagawiwe vipi? Wengi waliamini kunawisha watoto kunamaliza maji ya kupikia, na neno la baba lilikuwa na uzito. Ndipo watu wakaonyeshwa jinsi maji kidogo yanavyotosha nyuso nyingi.

Matokeo ya vijiji sita yalichapishwa mwaka 1995. Vyote vilipewa dawa ya macho. Vitatu vikaongezewa kampeni ya kunawa uso. Watoto waliodumu na uso safi walipungukiwa na vikope vikali.

Hatusemi shida ya maji ni kosa la mama. Kisima kikikauka, hakuna wa kulaumiwa nyumbani. Tunazungumzia kikombe kile kimoja ambacho kipo.

Mimina maji kidogo kidogo mkononi, au tumia kibuyu chirizi. Watoto wasichovye wote kwenye beseni moja, wala wasifutwe kwa kitambaa kimoja. Dawa za kumeza zikigawiwa kijijini, zimezeni, lakini kunawa kuendelee, kwani maambukizi hurudi.

Na bibi anayeng'oa kope kwa kibano kila wiki? Zinaota tena, zikiwa fupi na ngumu, na kukwaruza upya. Mpelekeni kituo cha afya mkaulizie upasuaji wa kope. Ni mdogo, hufanywa kwa sindano ya ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.